Udhu wa Maalim Kadar

Katika soko la mifugo la Garissa madalali ni wengi, lakini aliyekuwa akiitwa Maalim ni mmoja tu, Kadar Abdiwali. Jina hilo hakulipata kwa ngamia, ingawa ngamia alimjua nje ndani. Alilipata kwa Kurani, aliyoihifadhi yote kule Diff, mpakani, akiwa bado kijana anayechunga mifugo ya baba yake. Kwa miaka tisa sasa ndiye aliyewasalisha madalali, wenye mifugo na wapakiaji wa malori katika msikiti mdogo wa mabati ulio ubavuni mwa soko. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na nafasi yake pale mbele, na nafasi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho mjini.

Sasa nafasi hiyo ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya tumbo.

Tuliseme jambo lenyewe, maana watu wa soko lile walilizunguka miezi minne mpaka wakachoka miguu. Maalim Kadar alikuwa na gesi. Tumbo lilimjaa, likanguruma, kisha upepo ukatafuta njia ya kutokea. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuchekwa kidogo na kufungua dirisha. Kwa imamu ni msiba, kwani upepo ukitoka udhu umetenguka, na udhu ukitenguka sala hakuna, naye amesimama mbele ya watu arobaini. Isitoshe, yeye ni Msomali. Kwao aibu ya namna hii haina mfano, na wapo watu wanaosimuliwa kuwa walihama mji kabisa kwa sauti moja tu iliyowatoka harusini.

Mara ya kwanza ilimpata katika sala ya alasiri, siku ya mnada, rakaa ya tatu. Akabana. Akabana tena. Alipoona hakubaniki, akafanya alivyofundishwa tangu chuo cha Kurani: akaishika pua yake kwa vidole viwili, akamvuta mtu wa nyuma yake ashike nafasi, akatoka kichwa chini. Hiyo ni adabu ya zamani. Aliyetokwa na udhu katikati ya sala hushika pua ili wenzake wadhani ametokwa na damu, na wenzake nao hudhani hivyo hivyo kwa kusitiri. Hakuna anayeuliza wala anayecheka. Watu wa msikiti ule walikuwa na adabu kamili, na adabu yao hiyo ndiyo nusura immalize.

Wiki ile ile kila mtu alianza kuihurumia pua ya Maalim. Saado, mama wa chai, alimletea samli ya kupaka ndani ya matundu. Dereva mmoja wa lori alimwekea barafu kichwani bila hata kumwomba ruhusa. Naye Haji Najib, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mwenye ngamia wapatao mia mbili ng'ambo ya Tana, akakata maneno: anayepoteza damu lazima airudishe, na dawa yake ni maziwa ya ngamia, mabichi, yakiwa bado na povu. Tangu siku hiyo mtungi wa lita mbili ulifika nyumbani kwa Kadar kila asubuhi. Kadar akaunywa wote. Angekataaje? Wema ule ulimgusa moyo, na kusema kweli kulihitaji kwanza akiri kwamba pua yake haina hata mchubuko.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika zaidi. Kabla ya mwezi wa Rajabu kwisha alikuwa ameshika pua mara saba. Mwanzoni mwa Shaabani Haji Najib alimfuata kwa Saado alipokuwa amekaa akinywa chai, akamwamkia kwa upole uliomtia baridi.

"Maalim, kamati imekaa. Ramadhani tumefikiri tumlete kijana mmoja hafidhi kutoka Wajir, atusalishe tarawehe. Wewe pua yako ipumzike."

Tarawehe ndiyo aliyokuwa akiingojea mwaka mzima: rakaa ishirini kila usiku, juzuu nzima kwa sauti, watu wakijaa mpaka nje kwenye vumbi. Ukimwondolea hiyo umemwondolea yote.

"Nipeni Shaabani hii," akasema. "Nikishika pua mara moja tu, mleteni huyo kijana na mimi nitakuwa wa kwanza kusimama nyuma yake. Nisiposhika, nasalisha mimi."

Haji Najib akakubali, akimtazama pua kwa huruma.

Nyumbani mkewe, Hinda, alimsikiliza hadi mwisho huku akikanda unga. Huyu mwanamke hakuwa na subira na adabu za wanaume.

"Pua gani, Baba Hani? Miaka ishirini na sita nimelala ubavuni mwako, sijaona tone la damu. Tumbo lako linazungumza kuliko wewe. Nenda zahanati."

"Nimwambie nini daktari?"

"Mwambie una gesi. Akikucheka njoo uniambie jina lake."

Siku ya pili akaenda. Alielekezwa kwenye chumba cha lishe, na aliyemkuta mezani ni msichana wa umri wa binti yake wa kwanza, Tiya Golicha, Mborana wa Buna. Kadar nusura ageuke. Kisomali cha Tiya kilikuwa cha salamu tu, na Kiborana cha Kadar kilikuwa cha kununulia ng'ombe, kwa hiyo wakakutana kwenye Kiswahili.

"Daktari, mimi iko na shida ya bua," akasema, akijigusa pua, maana herufi p ulimi wake wa Kisomali huifanya b.

"Pole, mzee wangu. Lakini mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Mambo ya pua ni chumba cha nne."

Kadar akasimama, akafika mlangoni. Hapo akamwona kwa akili yake kijana wa Wajir akinyoosha kanzu mbele ya safu, akasema moyoni potelea mbali. Akaurudisha mlango nusu, kwa kuwa kuufunga wote na msichana ndani haifai, akarudi kuketi.

"Si bua. Ni tumbo. Inajaa hewa, halafu inatoka. Inatoka ndani ya sala."

Tiya hakucheka. Alichukua kalamu kama aliyeambiwa habari ya homa.

"Mzee, kila mtu anatoa gesi. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Hata mimi."

"Hata masheikh?"

"Hata masheikh."

Kadar akasogeza kiti karibu na meza. Miezi yote minne alijiona yuko peke yake duniani.

Tiya akamweleza kwamba gesi ina vyanzo viwili. Nyingine ni hewa tunayoimeza wenyewe: mtu akila mbiombio, akisema huku anatafuna, akitafuna chingamu, au akinywa soda, ambayo ni gesi ya kununua. Nyingine hutengenezwa humo humo. Chakula ambacho tumbo limeshindwa kukisaga huteremka hadi utumbo mkubwa, na huko viko vijidudu visivyo na ubaya, vinakila, na vikila vinatoa hewa. Maharage na kunde ndiyo mabingwa wa mchezo huo, na kabeji na vitunguu havikai mbali.

"Sasa niambie unakula nini na unakunywa nini. Kila kitu."

Akataja vyote kwa uaminifu. Asubuhi anjera, ile mikate myembamba laini, na chai. Mchana basta, yaani tambi, na nyama, na ndizi, huku amesimama, kwa sababu dalali anayeketi kula siku ya mnada hurudi akute ngamia ameshauzwa. Soda mbili. Chingamu tangu asubuhi hadi jioni, apate kuongea na watu kinywa kikinukia. Jioni ambulo, yale maharage madogo yanayochemshwa na kutiwa sukari na mafuta ya simsim.

"Na vinywaji?"

"Chai, maji, soda. Basi."

Maziwa hakuyataja. Wala usidhani alikuwa anaficha. Mtu wa Diff ukimwuliza anakunywa nini hawezi kuanza na maziwa, kama wewe usivyoweza kusema kwamba leo umevuta pumzi. Maziwa ya ngamia kwao si chakula cha kuorodheshwa. Ndiyo yaliyomfanya mtu awepo. Na tumbo likiuma, ndiyo dawa yenyewe.

Tiya alimpa daftari na masharti. Aondoe kitu kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, aandike tumbo limesemaje, kisha akirudishe aone. Ale ameketi, atafune polepole, atembee kidogo baada ya kula. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe na maji mapya mpaka yaive kabisa. Na akiona damu chooni, au akikonda bila sababu, au maumivu yakimwamsha usingizini, aache daftari aje mbio kwa daktari.

Kadar akajifunga kibwebwe. Chingamu alizitupa zote kwenye jaa la soko mbele ya aliyemuuzia. Soda akaziacha siku hiyo hiyo. Mchana aliketi juu ya debe kula basta yake, tonge kwa tonge, madalali wenzake wakimuuliza kama amestaafu. Hinda akaloweka maharage. Na kila jioni Kadar aliandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa mwandiko mzuri aliozoea kuandikia aya. Soda: mbweu zimepungua. Chingamu: vilevile. Ambulo iliyolowekwa: nafuu kidogo usiku.

Lakini kila siku, saa tano hivi ya asubuhi, tumbo lilivimba likakaza ngozi. Adhuhuri ikawa ni vita. Alitia udhu dakika ya mwisho, akakimbia kutoka bombani hadi mbele ya safu huku maji yanamchuruzika, akasoma sura fupi kuliko zote anazozijua. Watu waliokuwa wamezoea visomo vyake virefu walijikuta wametoa salamu kabla hawajatulia. Hakushika pua, lakini alijua fika kwamba anaokoka kwa bahati, na tarawehe haisaliwi kwa bahati.

Katikati ya Shaabani mvua ikanyesha ng'ambo, na wachungaji wa Haji Najib wakawapeleka ngamia mbali kufuata majani mapya. Mtungi haukuja siku nne. Na siku nne hizo tumbo la Maalim Kadar lilinyamaza kabisa. Alisalisha adhuhuri kwa sura ndefu, akasalisha alasiri kwa udhu ule ule, akarudi nyumbani anacheka peke yake. Aliandika kwenye daftari kwamba ambulo imeshinda mtihani na alhamdulillahi.

Siku ya tano ngamia wakarudi, mtungi ukaja, na Kadar akasema bismillahi akaunywa. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amejifungia chooni, jasho linamtoka.

Alipotoka Hinda alikuwa amesimama na daftari mkononi.

"Andika na maziwa," akasema.

"Maziwa si chakula."

"Ni nini basi? Ni mashuka? Siku nne hakukuja mtungi, siku nne umekaa kama mtu. Leo umekuja, tazama ulivyo."

Kadar alighadhibika kweli. Alimpa Hinda maneno ambayo baadaye alimwomba radhi kwayo, akatoka akaenda kuketi nyuma ya zizi moja nje ya mji, mahali ambapo hakuna anayemjua. Mwaka wa ukame, yeye akiwa mdogo, mama yake alikuwa akimpa sehemu yake ya maziwa akasema ameshiba. Mifupa yake yote ilijengwa na maziwa hayo. Leo tumbo lake liyakatae? Mtu wa ngamia anayekataa maziwa ya ngamia ni mtu wa nani? Alikaa pale mpaka jua likamhamisha.

Lakini Kadar si mtu wa kukimbia ngamia aliyekwisha mnunua. Alirudi, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake neno maziwa. Siku tatu hakunywa. Mtungi Hinda aliupeleka kwa jirani. Tumbo kimya. Siku ya nne, baada ya sala ya isha, akiwa hana tena wa kumsalisha, akanywa bilauri moja kwa makusudi. Tumbo likapiga ngoma. Akaandika, na asubuhi akarudi kwa Tiya.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?" Tiya akauliza.

"Wewe uliuliza kinywaji."

Tiya akajiuma mdomo. Kisha akamweleza kwamba maziwa yana sukari yake, na tumbo la mtoto lina kitu cha kuisaga. Watu wengi wakishakuwa watu wazima kitu hicho hupungua, sukari huteremka nzima mpaka kwa vile vijidudu, navyo hufanya sherehe. Miaka mingi mjini alikuwa akinywa maziwa ya kutia kwenye chai tu, tumbo likavumilia. Ghafla likamwagiwa lita mbili.

"Si kosa la ngamia, na si kosa lako. Jaribu susa."

Susa ni maziwa yale yale yaliyogandishwa siku mbili tatu kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Yakichachuka, sehemu ya ile sukari imeshaliwa. Kadar alianza na nusu kikombe pamoja na chakula. Akangoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Hakuna kitu. Alimwita Hinda kutoka jikoni aje asikilize, na Hinda akaweka sikio tumboni mwake, akathibitisha kwamba kuna amani.

Ilibaki kazi moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, baada ya alasiri, kamati ilikutana barazani kwa Haji Najib. Wanaume watano. Bakuli la maziwa mabichi likaletwa, na mgeni wa kwanza kupewa alikuwa Maalim. Bakuli hilo hupokelewa kwa mikono miwili. Kulirudisha limejaa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake haifai. Kadar angeweza kusema ameshakunywa. Lakini alijua kwamba kila siku ya Ramadhani Haji Najib huleta maziwa hayo hayo msikitini kwa futari, saa moja tu kabla ya tarawehe, na bakuli la kwanza huwa la imamu. Angedanganya mara thelathini?

Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini taratibu.

"Haji," akasema. "Haji, pua yangu ni nzima. Haijawahi kutoka damu. Ni tumbo. Maziwa mabichi yananijaza gesi, na gesi inanitoa udhu. Mmenisitiri na Mungu awasitiri, lakini sitiri hiyo inaniua."

Mmoja akaanza kuhesabu tasbihi yake kwa kasi. Haji Najib alikuwa mwekundu wa macho.

"Unasema maziwa ya ngamia wangu yana ugonjwa?"

"Ngamia wako hawana ila. Nimejaribu kwa daftari. Niliyaacha siku tatu, tumbo likatulia. Niliyarudia, likachafuka. Leo siku ya sita sijayagusa, na udhu wa adhuhuri unanifikisha magharibi."

"Mtu wa ngamia! Mtoto wa Diff!"

"Mtu wa ngamia, naam. Susa nakunywa, nyama nakula, na nyinyi nyote mnajua kazi yangu. Nimeyaacha hayo mabichi, na ilinichoma moyo kuyaacha, kwa sababu nataka kusimama mbele ya Mungu nikiwa na udhu. Mkimtaka kijana wa Wajir, mleteni. Ila msiseme ni kwa ajili ya pua."

Walitazamana. Mwishowe mwenye tasbihi akasema masharti yalikuwa asishike pua Shaabani nzima, na hakushika. Haji Najib aliinua bakuli akalirudisha ndani mwenyewe. Mwezi ukaonekana jioni ile ile, na tarawehe ya kwanza Kadar akaisalisha na njaa, hajala kitu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa siku iliyofuata, baada ya futari. Kadar alifuturu kwa tende na maji, sambusa mbili badala ya nane, wali kidogo, na nusu kikombe cha susa. Alikula ameketi. Aliposimama mbele ya safu aligeuka kuwaambia watu wajipange, akaona wamejaa mpaka nje, na hofu ikamshika barabara. Akatoa takbira. Rakaa ya sita tumbo lilijizungusha mara moja, naye akasita katikati ya aya, akingoja. Halikufanya lolote. Akaendelea, na kuanzia hapo sauti ikamfunguka, akaacha kulisikiliza tumbo akaisikiliza Kurani. Rakaa ishirini zikaisha, witri ikaisha, juzuu nzima ikaisha kwa udhu mmoja. Alipotoa salamu ya mwisho aliwageukia watu akiwa analia, wala hakujaribu kujificha.

Watu walitawanyika. Haji Najib peke yake alibaki, akikunja mkeka uliokwisha kunjwa. Alisogea, akachuchumaa karibu na Kadar, akatazama kulia na kushoto.

"Maalim. Hizo siku tatu za kuacha. Ni tatu tu, au wako wengine wanaohitaji zaidi?"

Kadar alimtazama mwenye ngamia mia mbili. Kicheko kilimfika mdomoni, lakini alipoiona ile aibu aliyoijua vizuri mno, kikamwishia hapo hapo.

"Mimi zilinitosha. Anza na daku ya leo, Haji. Nitakuazima daftari."

"Na mke wangu asijue."

"Mkeo anajua," akasema Maalim Kadar. "Anangoja tu umwambie."